Somo la Absalomu na Joho Jeusi

Nianze kwa kukiri, maana uongo nimeshausema wa kutosha mwaka huu: mimi ni mtu wa kushuku. Pale kanisani wananiita Mama Sindano, na wanadhani sijui. Najua. Wala si kwa sababu ya kazi yangu ya cherehani peke yake, ni kwa sababu ya ulimi. Sijawahi kulalamika, kwa kuwa sindano isiyochoma haishoni, na kanisa likijaa wapole tupu litaliwa na mchwa mpaka paa huku watu wanaimba.

Huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja nashona. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na daftari la vipimo lenye nusu ya mtaa ndani yake. Ukiniletea nguo iliyoshonwa kwingine uniulize kama ni nzuri, sisemi neno mpaka nimeigeuza. Kwa nje pasi inaweza kudanganya. Ndani ndiko utakakoona kama fundi alikuwa na haraka, kama alibana kitambaa, kama nyuzi zimefungwa au zimeachwa zinaning'inia. Wasichana wote niliowafundisha kazi nimewaimbia hilo mpaka wakachoka: geuza kwanza, useme baadaye. Yashikeni maneno hayo, maana mwenye kuyasema ndiye aliyekuja kuyasahau.

Mchungaji wetu ni kaka yangu wa tumbo moja. Wazazi walipotutoka yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi kumi. Akanilea. Akanisuka nywele vibaya vibaya nikaenda nazo shule hivyo hivyo, na nilipokua akaninunulia cherehani yangu ya kwanza. Nyumbani namwita Kaka, kanisani namwita Mchungaji kama watu wengine. Wifi yangu alifariki miaka minne iliyopita, hawakujaliwa watoto, na tangu hapo Kaka anaishi kwenye nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Majoho yake yote nimeyashona mimi. Kwenye daftari ana ukurasa wake: kifua arobaini na nne, urefu hamsini na nane. Ni pande la mtu, mlango wangu anauingia kwa kuinama.

Basi mwaka jana akaletewa msaidizi, Mwinjilisti. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwembamba, sauti ya chini, salamu ndefu. Mimi mtu mpole kupita kiasi namtazama mara mbili. Akapewa chumba cha pembeni kwenye nyumba ile ile ya Kaka, na miezi ya mwanzo sikuwa na la kusema. Alifagia uwanja, alirekebisha vipaza sauti, alijifunza majina ya watu wote hadi wale wanaokuja Krismasi tu.

Halafu nikaanza kuona mambo. Zamani mtu akiwa na shida alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji, anapiga hodi, anakaribishwa chai. Sasa kila asubuhi Mwinjilisti anasimama kwenye geti la kanisa, kabla watu hawajaenda makazini, na ukifika tu anakudaka mkono kwa mikono yake miwili. Mchungaji amepumzika, anasema, nieleze mimi. Na watu wanaeleza! Wakitoka hapo nyuso zimekunjuka, Mwinjilisti kaniombea, Mwinjilisti kanisikiliza. Hata mteja wangu mmoja, mama wa mapacha, aliniambia huku nampima kwamba siku hizi haoni haja ya kumsumbua Mchungaji. Nilimchoma na pini, nikasema samahani, mkono umeteleza.

Mimi mwenyewe nikienda na bakuli la chakula, mlango unafunguliwa nusu. Mwinjilisti anapokea bakuli, anashukuru, ananiambia Mchungaji amelala, au yuko kwenye maombi. Siku nyingine ananiambia amefunga. Kweli Kaka mwenyewe alishatangaza kwamba ameingia kwenye mfungo mrefu wa kuliombea kanisa, na mashavu yalikuwa yameanza kuchongoka. Lakini nikajiuliza, wazo la mfungo mrefu limetoka kwa nani? Mzee wa watu anafungishwa mpaka adhoofike, mwingine yuko getini anavuna. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapo mawingu yalikuwa yamenikalia kichwani.

Nilimuuliza Kaka siku moja baada ya ibada kama yule mtu anamwamini. Akacheka. Akaniambia yule ni mkono wake wa kulia. Nikamwambia mkono wa kulia ndio unaoshika kisu. Akanipiga kidogo begani, akaondoka taratibu, na mimi nikabaki na hasira zangu.

Sasa niwaeleze darasa letu la Jumamosi. Wazee wa kanisa tuko saba, na kila Jumamosi alasiri tunakutana kwenye chumba kilichopakana na kanisa, chenye viti vya plastiki na ubao uliopasuka kona. Utaratibu aliuanzisha Kaka zamani. Kila mzee anapewa kiongozi mmoja wa kwenye Biblia, anakaa naye wiki nzima, kisha anatufundisha huyo mtu aliongoza vipi watu wa Mungu, na alikosea wapi. Sharti ni moja: mwalimu haji mikono mitupu. Lazima aje na kitu kimoja cha kushika, tukione, tukitie mikononi, ndipo aseme. Kaka anasema maneno yanasahaulika ila kitu ulichokishika hukisahau.

Mzee wetu mwashi alifundisha Nehemia akaja na mwiko wake wa kujengea, una saruji bado, akatueleza jinsi Nehemia alivyozunguka kwanza kuukagua ukuta kimya kimya kabla hajamwambia mtu neno. Nesi mstaafu alifundisha Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya, akaja na chupa ya mafuta. Akasema hata nabii mkubwa vile alimwona mtoto wa kwanza, mrefu, mzuri, nusura ammwagie mafuta, mpaka Mungu akamzuia, kwamba wewe unatazama umbo, mimi natazama moyo. Niliandika hilo na kulipigia mstari mara mbili. Nilikuwa namfikiria Mwinjilisti. Nikasema haya, na wafupi wapole nao wamo.

Zamu yangu ilipokaribia Kaka alinipa Nathani, nabii aliyemwonya mfalme Daudi. Nikakaa naye siku mbili, sikumwelewa. Kisha likaja jambo la Fundi Suti.

Fundi Suti ana duka lake ng'ambo ya barabara, ananitazama na mimi namtazama. Ni mshindani wangu lakini tunaazimana nyuzi. Alikuja Jumanne asubuhi, amevaa futi ya kupimia shingoni, anakuna kichwa. Akaniuliza, dada, hivi joho la mchungaji linakatwaje pale begani? Amepata kazi ya joho na hajawahi kushona hata moja. Nikacheka, nikamuuliza ni mchungaji gani huyo aliyepotea njia mpaka kwake. Akasema si mchungaji, ni Mwinjilisti wenu. Kaleta kitambaa cheusi kizuri, anataka liwe tayari Jumamosi, na kamwomba asilitangaze.

Kicheko kiliniishia. Nikamuuliza alimpima lini. Akasema hakumpima, aliletewa vipimo kwenye karatasi, akaitoa mfukoni. Mwandiko wa Mwinjilisti naujua, ndiye anayeandika matangazo. Kifua thelathini na saba. Nikasema moyoni, ndicho kifua chake hicho, jicho langu halihitaji futi. Urefu hamsini na nane. Hapo nilisita kidogo, maana mtu yule ukimpa hamsini na nane atakuwa anafagia sakafu. Lakini hasira ina majibu ya kila kitu. Nikasema anataka liburuze nyuma yake kama la mfalme. Na kwa nini vipimo viko kwenye karatasi? Kwa sababu anaogopa kuonekana akipimwa. Na kwa nini haji kwangu, mshona majoho pekee wa kanisa? Hilo hata mtoto angejibu.

Jumapili iliyofuata askofu alikuwa anakuja kututembelea. Kila kitu kikakaa mahali pake. Joho tayari Jumamosi, askofu Jumapili, Kaka amedhoofishwa kwa mfungo, watu wameshavunwa getini. Nilimfundisha Fundi Suti kukata bega, tena kwa upole, ili asishtuke. Alipotoka nikafunga mlango nikalia. Nililia kwa uchungu, nikimwona Kaka anavuliwa kanisa alilolijenga tofali kwa tofali, na mimi nimekaa nje ya mlango na bakuli mkononi.

Jioni ile nikamtumia Kaka ujumbe kwamba Nathani amenishinda, naomba nifundishe Absalomu. Akaandika, "Haya, mdogo wangu. Ila Nathani ndiye niliyekuchagulia." Nikaona ni maneno ya mtu mchovu, nikaendelea na mambo yangu.

Jumamosi mchana nilivuka barabara. Nikamwambia Fundi Suti kwamba Mwinjilisti amenituma nichukue joho. Nilisema uongo huo bila kupepesa. Akalitoa likiwa limekunjwa, akataka kunionyesha kazi yake, nikamwambia nina haraka. Nikalitia kwenye mfuko hivyo hivyo. Mimi, ambaye hata leso nikipewa naigeuza.

Chumba kilikuwa kimejaa. Wazee wote saba, Mwinjilisti kwenye kiti chake karibu na mlango akiandika kumbukumbu, na Kaka mbele, amevaa koti juu ya sweta, ingawa joto lilikuwa la kutosha. Nikaanza. Sikuwahi kufundisha vizuri kama siku ile, ndiyo aibu yake. Nikawaeleza Absalomu, mtoto wa mfalme Daudi, mzuri, hana doa tangu unyayo hadi utosi. Hakuchukua upanga kwanza, nikasema. Alichukua geti. Aliamka mapema akasimama njiani, na kila mwenye shida akienda kwa mfalme, yeye anamdaka, anamuuliza umetoka wapi, anamwambia neno lako ni jema lakini kwa mfalme hakuna wa kukusikiliza. Anamshika mkono, anambusu. Hivyo ndivyo alivyoiba mioyo ya watu, mmoja mmoja, huku baba yake yumo ndani hajui.

Mwashi aliacha kutikisa kichwa kwa kukubali. Nesi mstaafu akanikazia macho, akataka kusema kitu, nikamkata. Nikawaambia somo la kiongozi hapo ni hili: kikulacho ki nguoni mwako. Kisha nikasema, mwalimu haji mikono mitupu, na mimi nimekuja na kitu changu. Nikatoa joho kwenye mfuko nikalikunjua mbele yao. Jeusi, zuri, linang'aa. Nikawaambia limeshonwa kwa siri wiki hii, ng'ambo ya barabara, kwa oda ya mtu aliyemo humu chumbani ambaye hajawekewa mikono ya uchungaji na askofu yeyote.

Nikamwendea Mwinjilisti nikamnyooshea.

"Livae," nikamwambia.

Kalamu ilimdondoka. "Siwezi, Mama."

"Huwezi vipi? Si wewe uliyelipeleka kwa fundi?"

"Nililipeleka mimi. Lakini si langu."

"Ni la nani?"

Alimtazama Kaka, na macho yake yalikuwa yanaomba kitu ambacho sikukielewa. Nikasema tena kwa sauti, ni la nani, na nilikuwa nimeshaanza kufurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilijua amekwama.

"Mwache," Kaka akasema.

Akasimama. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Akavua sweta, na chini yake palikuwa na sweta jingine. Nakumbuka nilijiuliza ni nani anavaa masweta mawili katika joto hili. Akavua la pili. Akabaki na shati, na shati lile nililishona mimi, nalijua mshono kwa mshono, lilikuwa limemning'inia kama la kuazima kwa mtu mwingine. Mifupa ya mabega ilionekana kupitia kitambaa. Akanyoosha mkono kwa joho na mimi nikampa, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Akalivaa. Likamkaa kifuani. Likashuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, likasimama hapo hapo, bila kupungua wala kuzidi. Mwenye macho haambiwi tazama. Hamsini na nane ni Kaka yangu, imekuwa Kaka yangu miaka yote. Kwenye ile karatasi nilikuwa nimesoma kifua nikafumba macho kwenye urefu, mimi niliyevibeba vipimo vile kichwani miaka thelathini.

Nesi mstaafu alikuwa amefunika mdomo, na nikaona kwamba yeye alikuwa ameshahisi.

Kaka alizungumza akiwa amesimama vile vile, anashika mgongo wa kiti. Alisema ni ugonjwa, una miezi minane tangu ujulikane, na hospitali anapelekwa na Mwinjilisti kila wiki mbili. Dawa zinamlaza asubuhi, kwa hiyo yeye Kaka ndiye aliyemwagiza mwenzake asimame getini, mtu yeyote asirudi nyumbani bila kusikilizwa. Mfungo ulikuwa wa kweli mwanzoni, kisha ukawa kisingizio. Alitaka aliseme jambo hilo mwenyewe kesho, mbele ya askofu na kanisa lote, akiwa amevaa nguo inayomtosha, amesimama kama mtu.

"Mbona hukuniambia mimi?" nilimuuliza. Sauti ilitoka ya yule mtoto wa miaka kumi.

"Kila wiki huyu alinisihi nikuambie. Nikamkataza." Akavuta pumzi. "Ningekuja kwako kupimwa, futi ingekuambia kabla yangu. Nikaona bora nishonewe kwingine."

Nilitaka ardhi inimeze. Alikaa chini, akapumzika, kisha akasema jambo moja zaidi, tena bila ukali, ndiyo maana limenikaa. "Nilikupa Nathani, mdogo wangu. Daudi alikuwa amefanya ubaya kweli, si wa kudhaniwa. Na bado Nathani hakumpeleka sokoni. Alikwenda kwake, wakakaa wawili."

Darasa likaisha hapo. Mwashi aliomba sala fupi akasahau kusema amina. Wazee wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akimshika Kaka mkono, na mimi wakinipita kama nguzo. Nesi peke yake ndiye aliyesimama, akaniambia, mwenzangu, futa machozi kwanza halafu uende kule nje. Nilijua anamaanisha nini.

Mwinjilisti alikuwa uwanjani anapanga viti vya wageni wa kesho. Nilimwambia niliyoyasema na niliyoyafikiri, hata pini ya mama wa mapacha nikaitaja, hata uongo wa kuchukua joho. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitaiomba tena mbele ya wazee wote. Nilitegemea atanijibu kwa ile sauti yake ya chini kwamba hakuna neno. Hakusema hivyo. Aliweka kiti chini, akanitazama, macho yamemwiva.

"Nimekusamehe, Mama," akasema. "Ila leo niache kidogo. Imeniuma."

Nikamheshimu siku ile kuliko siku zote. Nikamwacha.

Nilirudi kwa Kaka, na mara hii mlango ulifunguliwa wote. Nilikaa kando ya kitanda chake. Alinitania kwamba nimefundisha vizuri mno, kama Absalomu angenisikia angejisalimisha mwenyewe. Nilicheka huku nalia. Nikamwambia kola ya lile joho imekaa upande, Fundi Suti hajui kola, nilichukue nikalinyooshe kabla ya asubuhi. Akasema, "Lichukue. Nilijua hutaliacha." Halafu akainua mikono nimpime, bila mimi kuomba. Nikampima. Thelathini na saba kweli, na vidole vyangu vilihesabu mbavu.

Jua lilikuwa halijazama nilipofika kwenye chumba changu. Nikawasha pasi, nikalilaza joho mezani, na safari hii nikaligeuza.

Mshono wa kwapa hadi chini, kila upande, ulikuwa mnene. Nikaubonyeza, nikaufunua. Kwa kawaida fundi anaacha akiba ya inchi moja ndani ya mshono, anayejali sana inchi moja na nusu, ili nguo iweze kupanuliwa siku moja. Hapa palikuwa na inchi tatu na nusu kila upande, zimekunjwa vizuri, zimeshikizwa kwa mkono. Sijawahi kuona akiba ya namna hiyo. Nikahesabu. Ukiifumua yote, lile joho linafika kifua arobaini na nne na zaidi.

Nikavuka barabara na joho mkononi. Fundi Suti alikuwa anafunga duka. Nikamwonyesha, nikamuuliza ni wazimu gani huu, nani kamfundisha kupoteza kitambaa hivi. Akajitetea. Akasema yeye alitaka kuacha inchi moja, ni Mwinjilisti aliyekataa.

"Alisimama hapo mlangoni," akaniambia. "Akasema, fundi, acha ya kutosha ndani. Mwenyewe atanenepa tena."

Nilirudi nikakaa kwenye cherehani. Kola nikaifumua nikaishona upya, nikaipiga pasi mpaka ikanyooka. Ile mishono ya pembeni sikuigusa.